Juu ya madaraja manne ya namba

Tarehe 7 ya mwezi wa sita, mwaka 1946, gazeti la Marekani liitwalo Science lilitoa andiko fupi, kurasa nne tu, la Profesa S. S. Stevens wa Universite ya Harvard. Tangu hapo vitabu vingi sana vya statistiki kwa elimu ya jamii huanza na mafundisho yale, na wanafunzi huyashika kwa kichwa kama amri. Mimi naona andiko lile lafaa kusomwa, lakini si kama amri. Sehemu yake ya kwanza ni ya kweli, tena yenye faida nyingi. Sehemu ya pili, ile ya kukataza na kuruhusu, imewafanya watu wengi waache kufikiri.

Kwanza tujue neno hili lilitoka wapi. Mwaka 1932 chama cha wenye elimu cha Uingereza, British Association, kiliweka tume ya watu 19, wengine wa fizika, wengine wa saikolojia, kusudi waamue swali moja: yawezekana kupima kile ambacho mtu anakisikia ndani yake, kwa mfano ukubwa wa sauti masikioni? Walibishana miaka mingi. Hati yao ya mwisho ilitoka mwaka 1940, nao hawakupatana. Na kipimo kimoja kilichowekwa mbele yao kilikuwa kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho Stevens mwenyewe alishiriki kukitengeneza. Msomaji asisahau jambo hili: mtu aliyetutolea sheria ya kupima alikuwa na kesi yake barazani.

Jibu lake ni la akili. Kupima, asema, ni kuvipa vitu namba kwa kufuata kanuni. Basi, kanuni zikiwa mbalimbali, vipimo navyo ni mbalimbali. Haifai kuuliza kama hiki ni kipimo ao si kipimo. Tuulize ni kipimo cha namna gani. Naye ahesabu madaraja manne.

La kwanza ni daraja la majina. Namba iliyo mgongoni mwa mchezaji wa mpira yamtambulisha tu; mwenye 10 si mara mbili ya mwenye 5. Hapa yaruhusiwa kuhesabu watu wangapi wako katika kila kundi, basi. La pili ni daraja la mfuatano. Wachimbaji wa mawe wanakijua kipimo cha Mohs: jiwe hili hukwaruza lile, kwa hiyo limelipita kwa ugumu. Twajua nani yuko mbele, hatujui amempita mwenzake kwa kadiri gani. Hapo yaruhusiwa kutafuta yule wa katikati, yaani anayesimama katikati ya mstari watu wakipangwa kwa zamu. La tatu ni daraja la nafasi sawa, kama digrii za joto. Kutoka 10 hadi 20 ni sawa na kutoka 20 hadi 30. Lakini huwezi kusema digrii 20 ni joto mara mbili ya digrii 10, kwani kwa kipimo cha Fahrenheit joto lile lile ni 68 na 50. Sifuri yake iliwekwa na watu. Hapo wastani waruhusiwa. La nne tuliite daraja la mara-ngapi, lenye sifuri ya kweli: gunia la kilo 100 ni mara mbili ya gunia la kilo 50, na hata ukilipima kwa ratili za Waingereza litabaki mara mbili.

Nguvu ya mafundisho haya yaonekana mara moja tukitazama barua za maswali wanazotumia wenye kuchungua mawazo ya watu. Tangu Rensis Likert alipoeleza njia yake mwaka 1932, wengi huwapa watu majibu matano: sikubali kabisa, sikubali, sina hakika, nakubali, nakubali kabisa; nayo hupewa namba 1 mpaka 5. Tuseme watu watatu wa kundi la kwanza wanajibu 3, 3, 3. Wastani wao ni 3. Watatu wa kundi la pili wanajibu 1, 1, 5. Wastani wao ni 2 na theluthi moja. Mchunguzi aandika: kundi la kwanza lakubali zaidi. Lakini nani alisema kwamba jibu la mwisho ni 5? Mfuatano ndio tunaoujua, si zaidi. Tukiliita jibu lile 10, mfuatano haukuharibika hata kidogo, lakini sasa wastani wa kundi la pili ni 4, nalo limelipita la kwanza. Hakuna mtu aliyebadili mawazo yake. Ni karani aliyebadili namba. Ukitafuta mtu wa katikati, kundi la kwanza lina 3 na la pili 1, kwa hesabu zote mbili. Hapo Stevens ameshinda, na mtu asiyemsikiliza apashwa kuogopa ripoti zake mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa pointi za shule. Kijana aliyepata 0 kwa Kilatini si mtu asiyejua hata neno moja la Kilatini. Ameshindwa maswali yale tu. Kwa hiyo mwenye 80 hajui mara mbili ya mwenye 40. Na tukiacha pointi na kutangaza nafasi tu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, twaficha kwamba wa kwanza alikuwa na 92, wa pili 61, wa tatu 60. Mwalimu anayechukua nafasi hizo za masomo kumi, akizijumlisha na kuzigawa, kusudi aamue nani abaki na nani arudi kwao, ameligeuza pengo la pointi 31 kuwa sawa na pengo la pointi moja. Maisha ya kijana yaweza kupinduka juu ya hesabu ya namna hiyo.

Lakini tuangalie sasa upande wa pili. Watu watano wajibu 3, 3, 3, 3, 3. Wengine watano wajibu 1, 1, 3, 5, 5. Wastani ni 3 pande zote mbili. Mtii wa Stevens ataukataa wastani na kumtafuta mtu wa katikati: naye ni 3 pande zote mbili! Kundi moja lina mashaka, lingine limepasuka vipande viwili, na sheria imetiiwa pasipo kutuonyesha lolote. Daraja halitoshi kumlinda mtu asiyetazama majibu yenyewe.

Mwaka 1953 Frederic Lord alimchekesha kila mtu, katika gazeti American Psychologist, kwa hadithi ya profesa mmoja aliyefunga mlango kila mara alipotafuta wastani wa pointi, kwa kuwa alijua ni mwiko, mpaka dhamiri ikamchosha akaacha kazi. Kisha akapewa kazi ya kuwauzia wachezaji namba za mgongoni kwa mashine. Wale wa mwaka wa kwanza wakanung'unika kwamba namba zao ni ndogo mno, wenzao wanawacheka. Mtu wa statistiki akaitwa. Naye, pasipo haya, akatafuta wastani wa namba zile za majina, akaonyesha kwamba mashine iliyochanganywa vizuri ni vigumu itoe namba ndogo hivi. Watu wengine wamesema hadithi hii yavunja mafundisho ya Stevens yote. Sivyo. Wastani ule hausemi neno juu ya nguvu za wachezaji. Wasema juu ya mashine. Lakini swali lilikuwa juu ya mashine, na kwa swali lile hesabu ilikuwa halali.

Paul Velleman na Leland Wilkinson walilisema wazi mwaka 1993: daraja halikai ndani ya namba, linatoka katika swali. Wanasimulia juu ya mkutano ambamo kila aliyeingia alipewa tikiti, kuanzia 1. Ikaitwa 126 kuwa namba ya bahati. Mwanamke mmoja akatazama tikiti yake: hapo 126 ni jina. Mara akatazama watu chumbani, akaona hawafiki 126: hapo namba ile ile ni hesabu ya kweli. Sisi mapadri tunacho kitabu cha wabatizwa. Namba iliyo mbele ya jina la mkristu humtambulisha. Yaonyesha pia nani alitangulia. Na namba ya mwisho, kama hazikurudiwa ao kurukwa, yatuambia wangapi wamebatizwa tangu kitabu kifunguliwe. Ni namba moja, na daraja lake lafuata swali la padri.

Stevens mwenyewe hakuwa mkali kama wafuasi wake. Katika andiko lile lile akubali kwamba vipimo vingi vya saikolojia ni vya mfuatano tu, na kwamba wastani usioruhusiwa mara nyingi umezaa matunda mazuri. Mwaka 1956 Sidney Siegel alitoa kitabu chake cha statistiki, na kwa mkono wake mafundisho yale yalienea kama kanuni ya kuchagua hesabu. Watu wakaipokea kanuni, ruhusa ikasahauliwa.

Neno moja kwa wanaochungua maparokia. Gabriel Le Bras, tangu mwaka 1931, aliwahimiza Wafaransa kuhesabu maisha ya dini, naye aliwagawa watu makundi: walio nje ya maisha ya Kanisa, wanaokuja kwa ubatizo, ndoa na maziko tu, wanaoshika Misa ya dominika na Pasaka, na wenye bidii kupita hao. Huo ni mfuatano. Anayewapa 0, 1, 2, 3 na kutafuta wastani wa parokia asema, pasipo kujua, kwamba safari kutoka nje hadi ndoa ya kanisani ni sawa na safari kutoka maziko hadi Misa ya kila dominika. Kanoni Fernand Boulard alianza na kitu kilicho imara zaidi: watu wangapi wazima wanashika Pasaka, kwa kila mia. Hilo ni daraja la nne. Kisha, katika ramani yake ya mwaka 1947, akaigawa nchi ya mashamba kwa namna tatu tu. Ramani yafaa kwa jicho, nayo ilisaidia sana. Lakini wilaya iliyo juu kidogo ya mpaka na wilaya ambamo karibu wote wanashika Pasaka zimevaa rangi moja, na anayetaka kujua kama ile ya kwanza inashuka sharti arudi kwenye hesabu za kila parokia.