Mayowe ya Duma yana sarufi yake, wahakiki tuyasikilize

WAHAKIKI wa fasihi na sanaa nchini tuna mazoea ya kuuliza swali moja kila tunapokutana na kazi mpya: ujumbe wake ni upi? Swali hili tumelirithi darasani. Mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa kusaka maudhui na dhamira kabla hajaulizwa alihisi nini aliposoma shairi au kusikiliza wimbo. Leo nataka tuitazame kazi ya Wakenya wawili ambayo inalikataa swali hilo waziwazi, na ambayo kwa sababu hiyo imepuuzwa hapa nyumbani huku ikishangiliwa ughaibuni.

Wawili hao ni Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Kundi lao linaitwa Duma. Albamu yao ya kwanza, yenye jina hilohilo la Duma, ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja ni mwenye sauti. Karugu hushika gitaa na mitambo: kipakatalishi, midundo ya kielektroniki, na makelele aliyoyapanga kama mwashi apangavyo matofali. Hakuna mpiga ngoma, wala kwaya, wala kiitikio cha kumshika msikilizaji mkono. Kuna sauti inayonguruma kutoka kifuani, kisha inapaa hadi ukemi mkali, na chini yake mashine inapiga kwa kasi ambayo mguu wa mchezaji hauwezi kuifuata.

Hebu tuanze na jina, maana ndiko wanalugha tunakoanzia. Mswahili akisikia "duma" humwona mnyama wa mbugani, mwenye mbio kuliko wote wa nchi kavu. Wao wenyewe wanasema neno hilo wamelitoa katika Gĩkũyũ, kwa maana ya giza. Mzungumzaji wa lugha hiyo atakumbusha kwamba giza ni "nduma", na kwamba lisichanganywe na "ndũma", ile tunayoipika na kuila kwa chai asubuhi. Irabu ndiyo inayotenganisha mlo na usiku. Wasanii wameidondosha nazali ya mwanzo na kubaki na neno linalokaa mpakani mwa lugha mbili: upande mmoja mbio, upande mwingine giza. Sijui jina linaloweza kuufafanua muziki wao vizuri zaidi ya hilo.

Muziki wenyewe umetoka wapi? Wote wawili walilelewa katika uwanja mdogo wa roki nzito, yaani metali, jijini Nairobi. Uwanja huu upo, ingawa wengi wetu hatuujui. Bendi kama Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy zilijijengea wafuasi jijini bila msaada mkubwa wa redio. Ukisikiliza Duma utatambua pia deni lao kwa tawi la metali lililozuka Uingereza katika miaka ya 1980, ambalo bendi ya Napalm Death ya Birmingham ilikuwa miongoni mwa waasisi wake. Albamu ya bendi hiyo ya mwaka 1987, Scum, ina wimbo unaodumu sekunde moja na ushei tu. Walichokuwa wakijaribu vijana wale wa Birmingham ni kujua wimbo unaweza kukazwa na kufupishwa kiasi gani kabla haujaacha kuwa wimbo. Duma wanauliza swali la jirani yake: wimbo unaweza kunyang'anywa maneno, mpiga ngoma na kiitikio, ukabaki na nini?

Lakini atakayesema kwamba hii ni nakala ya Uzunguni atakuwa hajasikiliza. Albamu ilirekodiwa mwaka 2019 katika studio za Nyege Nyege jijini Kampala, kwa muda wa miezi mitatu. Wimbo mmoja unaitwa "Uganda with Sam", kana kwamba ni ukurasa wa shajara ya safari. Kampuni hiyohiyo, mwaka 2017, ilikuwa imetoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam, muziki wa mitaa ya uswahilini unaopita mapigo 200 kwa dakika. Kwa hiyo kasi ya Duma ina ndugu wa karibu kuliko Birmingham. Ina ndugu Tandale na Mburahati. Afrika Mashariki ilikuwa tayari inakimbia kabla ya Duma kutoka mafichoni.

(Kuhusu jina la kampuni hiyo, niseme tu kwamba waanzilishi wake hulieleza kwa maana ya Kiganda ya hamu ya kucheza isiyozuilika. Kwa Kiswahili, neno hilo halitamkwi mbele ya wakwe. Tamasha lao linalofanyika Uganda lina jina hilohilo, na mwaka 2018 waziri wa maadili wa nchi hiyo, Simon Lokodo, alilipiga marufuku kabla ya uamuzi huo kulegezwa. Tofauti ya maana kati ya lugha jirani si jambo dogo.)

Sasa tuje kwenye mayowe. Niliwahi kuwachezea wanafunzi wangu wa uzamili wimbo mmoja wa Duma katika somo la fasihi simulizi. Mmoja akaziba masikio. Mwingine akaniambia, "Lakini Prof, huyu hasemi kitu, anapiga kelele tu." Nikamwomba ataje maneno yote ya Kiswahili anayoyajua ya kupiga kelele. Tukaanza kuandika ubaoni: yowe, ukemi, usiyahi, unyende, kamsa, kite, mguno, kigelegele, hoihoi, vifijo. Ubao ukajaa. Kamsa hukusanya watu penye hatari. Kite ni mguno wa uchungu, na wakunga wanaujua vizuri. Kigelegele hakipigwi matangani, na usiyahi haupigwi harusini. Jamii iliyoyapa makelele majina mengi hivyo haiwezi kudai kwamba kelele haina maana. Kelele ina sarufi yake: nani anaipiga, wapi, kwa urefu gani wa pumzi, na anayeisikia anapaswa kufanya nini.

Kwa kipimo hicho, sauti ya Khanja inahakikika vizuri kabisa. Katika "Lionsblood" nasikia kamsa: pumzi fupi, zinazorudiwarudiwa, za mtu anayeita wengine. Mahali pengine katika albamu sauti inashuka na kuwa kite, nzito na ya upweke, na mitambo ya Karugu inaizingira badala ya kuisukuma. Msikilizaji anahamishwa kutoka kuitwa hadi kuachwa. Huo ni mpangilio, na mpangilio ni maana. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kuisaka maana katika neno pekee.

Chukueni pia kichwa cha wimbo "Pembe 666". Pembe ni ya ng'ombe, ni ya ndovu, ni kona ya chumba, na tukiongeza kiambishi tunapata pembeni, mahali pa aliyesukumwa kando. Namba 666 inatoka katika Ufunuo sura ya 13, sura ambayo wanyama wake wana pembe. Katika albamu hiyohiyo kuna "Corners in Nihil", ambamo pembe inarudi kwa Kiingereza, safari hii ikiwa kona za utupu. Mtunzi anayecheza na neno moja namna hii si mtu wa kelele tupu.

Najua 666 itawakera wasomaji wengi, na sishangai. Hii ni nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Kizazi changu kililelewa katika hofu hiyo, na hadi leo muziki mzito ukisikika tu, mtu huanza kukemea. Hata istilahi yetu haisaidii. Tunauita muziki huu "muziki wa majaribio", na sikio la kanisani husikia "majaribu". Ila mhakiki hana ruhusa ya kuhukumu kazi kwa jalada. Anayetumia alama za kutisha huenda anataka kutisha, huenda anataka kutuonyesha tunachokiogopa. Lazima usikilize ndipo ujue.

Jambo la tatu ni uwili wao. Muziki tuliouzoea ni wa makundi: kwaya, benga, taarab na safu yake ya vinanda. Lakini utendaji wa watu wawili wanaopambana si mgeni kwetu. Wagĩkũyũ walikuwa na gĩcandĩ, ushairi wa mafumbo uliotendwa kwa majibizano, mtendaji akiwa na kibuyu chenye alama zilizochorwa. Kimani Njogu, msomi wa Kiswahili anayejulikana na wengi wenu, ameuandikia kwa kina utanzu huo na kuonyesha kwamba ushindani na ushirikiano humo haviachani. Sidai kwamba Khanja na Karugu waliuchukua muundo wao huko. Nasema kwamba ukitazama video za maonyesho yao, utaona jambo linalofanana. Khanja na kipaza sauti chake huwajia watazamaji, anajikunja, anawapigia mayowe karibu na nyuso. Karugu anabaki na gitaa na mitambo yake, ametulia kama mtu anayehesabu. Sauti inatega, mashine inategua. Mashine inatega tena. Ukimwondoa mmoja, mwingine hana wa kumjibu.

Je, kazi hii haina kasoro? Inazo. Vichwa vingi vya nyimbo ni vya Kiingereza, hata pale Kiswahili au Gĩkũyũ kingetoboa zaidi. Waliojipa jina la giza kwa lugha ya mama wangeweza kuiamini lugha hiyo zaidi ya jina. Kichwa kimoja, "Kill Yourself Before They Kill You", kinanitia wasiwasi. Najua metali hupenda maneno makali, lakini nimewazika vijana, na mwito kama huo ukitolewa bila maneno ya kuueleza humwacha msikilizaji mnyonge peke yake nao. Hapa ndipo kuacha maneno kunapomgharimu msanii: hawezi kusahihisha anavyoeleweka.

Hata hivyo kasoro hizi zinahakikika, na hilo ndilo ninalolidai. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani, wapo waliosema kwamba huo si ushairi. Mjadala wa wanamapokeo na wanausasa ukaendelea kwa miaka na mikaka, na leo mashairi huru yanafunzwa shuleni. Waliopinga hawakuwa wajinga; walikuwa wakilinda kitu cha thamani. Waliokosea ni wale waliokataa kusoma. Nachelea kwamba kwa Duma tunafanya vibaya zaidi, kwa sababu hata kubishana hatujabishana. Mwaka 2022 kampuni ya Sub Pop ya Seattle, iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ilitoa nyimbo zao mbili. Kwa Kiswahili mimi sijasoma hata tahakiki moja ya kazi yao.

Tangu hapo Khanja amejitokeza peke yake. Albamu yake ya mwaka 2024, The Adept, ameiweka wakfu kwa Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023, ambaye Khanja anajitaja kuwa kitukuu chake. Muthoni ndiye aliyetunza nywele alizoanza kuzifuga msituni hadi zikanyolewa mwaka 2022. Kijana tuliyedhani anapiga mayowe ya kigeni anatuambia mayowe hayo yana nasaba, na nasaba hiyo inapita katika historia yetu wenyewe.

Ombi langu kwa walimu wa fasihi simulizi ni dogo. Mnapofunza nyiso, nyimbo za vita na mbolezi, wapeni wanafunzi pia dakika tano za Duma. Msiwaulize ujumbe. Waulizeni hili ni yowe la aina gani, linamwita nani, na kwa nini aliyeitika kwanza alikuwa Kampala na Seattle, si Nairobi.