Zile Picha Ishirini na Saba

Iko picha moja ya mwaka 1948 ambayo wengi wenu mmeiona, hata kama jina lake hamlijui. Mchoraji wa Kihispania, Salvador Dalí, yuko hewani, masharubu yamesimama, macho yamemtoka. Paka watatu wanaruka mbele yake, na mkondo wa maji umepita kati yao ukapinda kama upinde. Kiti kiko hewani, picha za kuchora ziko hewani, na yeye mwenyewe miguu haigusi chini. Inaitwa Dalí Atomicus, na aliyeipiga ni Philippe Halsman, katika studio mjini New York.

Huyu Halsman tunamhesabu kuwa mwenzetu. Alizaliwa Riga mwaka 1906, akaenda Dresden kusomea uhandisi wa umeme kabla hajahamia kwenye kamera. Tunapenda kuamini kwamba uhandisi ule haukumtoka, maana namna alivyoiendesha kazi ya siku ile ni namna ya karakana khasa. Kiti kilishikwa na mkewe, aliyesimama nje ya picha. Vitu vingine vilitundikwa kwa nyuzi nyembamba. Halsman akihesabu: moja, mbili, tatu, na kwenye tatu wasaidizi wanarusha paka na ndoo ya maji, kwenye nne Dalí anaruka. Kisha yeye hukimbilia chumba cha giza kusafisha filamu na kuona kilichotoka, huku nyuma wasaidizi wakipiga deki na kuwafukuzia paka waliojificha. Akitoka, wanaanza upya. Kwa maelezo yake mwenyewe ilichukua muda wa saa sita na mirusho 28 mpaka akaridhika. (Paka hawakuulizwa kama nao wameridhika.)

Baadhi ya picha zilizokataliwa zimebaki na zimechapishwa, na hizo ndizo zilizotufanya tushike kalamu. Katika moja, maji yamemwagikia Dalí badala ya paka. Katika nyingine Dalí amechelewa kuruka. Katika nyingine mwanamke, katibu, ameingia ndani ya picha. Ipo pia ile iliyochaguliwa yenyewe kabla haijasafishwa makosa: nyuzi zinaonekana, mkono ulioshika kiti unaonekana, na fremu iliyo mbele ya Dalí ni tupu, kwani mchoro uliomo tunaouona leo Dalí aliuchora baadaye.

Sasa tuseme rai yetu wazi. Ile picha maarufu ni kazi safi, lakini ina ubaridi wa kitu kilichokamilika mno. Ukishaitazama mara mbili imekwisha. Zile zilizotupwa hazichoshi. Ndani yake mna watu wanaofanya kazi, wamerowa, wanakosea hesabu. Na zaidi ya hapo, zinaipa heshima ile iliyochaguliwa, maana bila kuziona ungedhani ni bahati, au ni hila ya chumba cha giza.

Wako watakaosema kwamba kuchagua moja katika 28 na kuficha 27 ni udanganyifu. Sisi kazi yetu ya kila siku ni majaribio, na katika kazi hiyo mtu anayefanya vipimo 28 akaandika kimoja tu kilichompendeza, hafai kupewa hata kazi ya kufunga taa. Lakini Halsman hakusema kwamba Dalí anaweza kuelea. Alitaka kutengeneza kitu kimoja kisichokuwapo, na jaribio la aina hiyo humalizika pale kitu kinapopatikana. Jaribio la pili ni lile linalokusudia kutwambia hali ya kitu ikoje. Hilo sheria zake ni nyingine kabisa, na hapo ndipo watu, wahandisi wakiwamo, wanapoumia.

Mfano ambao hufundishwa kila mwanafunzi wa uhandisi Uingereza ni ndege ya Comet. Ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa safari za kawaida, ikaanza kazi mwaka 1952. Tarehe 10 Januari 1954 moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Aprili, nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples na watu 21. Wataalamu wa Farnborough wakachukua ndege nzima ya aina hiyo, wakaizamisha mwili wake ndani ya tangi la maji, wakawa wanajaza na kutoa presha, kujaza na kutoa, kila mara moja ikiwa sawa na safari moja. Ukihesabu pamoja na safari ilizokwisha kuruka, ilipofika mara 3,057 ikapasuka. Chuma kilikuwa kimechoka, na ufa ulianzia kwenye pembe za dirisha.

Lakini kiwanda kilikuwa kimekwisha kuijaribu kabla! Sehemu ya mwili wa ndege ilijazwa na kutolewa presha zaidi ya mara 16,000 ndipo ikaachia, na ile iliyoanguka Elba ilikuwa haijafika safari 1,300. Tofauti hiyo ilitokeaje? Ile sehemu iliyojaribiwa ilikuwa imewahi kutiwa presha kubwa mno mwanzoni, kupimwa nguvu zake, na presha ile ikaikaza bati kwenye pembe zake, ikawa inastahimili kuliko ndugu zake. Ndege zilizobeba watu hazikupata dawa hiyo. Hakuna aliyesema uongo, na vipimo vilikuwa vya kweli. Ila kilichojaribiwa hakikuwa sawa na kilichopakiwa watu.

Kwa jicho hilo turudi kwenye picha, kwani iko moja inayotusumbua kuliko ya Halsman. Mwaka 1962 Diane Arbus alimpiga picha mtoto wa kiume katika Central Park, New York. Mtoto ameshika bomu la mkono la kuchezea, mkono wa pili vidole vimekakamaa kama kucha za mwewe, uso umekunjamana, ukanda mmoja wa suruali umemwanguka begani. Picha hii imeandikiwa mengi: ati ni hasira ya Marekani, ni vita vinavyokuja. Katika kitabu cha Revelations kilichotolewa mwaka 2003 wachapishaji wameweka karatasi nzima ya picha ndogondogo za filamu ile. Na humo mtoto ni mtoto tu. Hapa anatabasamu, hapa ameshika kiuno akijishaua mbele ya kamera kama watoto wetu wote. Ile ya kutisha ni moja peke yake.

Je, Arbus alikosea? Kama msanii, hapana; aliona kitu ambacho sisi wengine tungekiacha. Lakini picha hii, tofauti na ya Dalí, husomwa kama habari ya mtoto yule. Watu huamini wameonyeshwa alivyo. Kwa hivyo tunaona kwamba karatasi ile ya picha zote ilistahili kutembea pamoja nayo tangu mwanzo, wala si kungoja miaka 40.

Angalau Arbus aliziweka. Roy Stryker, aliyesimamia wapiga picha wa serikali ya Marekani miaka ya 1930 walipotumwa kuandika kwa kamera shida za wakulima, alikuwa na desturi ya kutoboa tundu kwenye negativu asizozipenda ili zisitumike tena. Wapiga picha wakalalamika, na walikuwa na haki. Leo picha zile zinatazamika mtandaoni, na katikati ya uso wa mtu au shamba kuna duara jeusi. Mhandisi anayetoboa matundu kwenye daftari lake la vipimo hatujawahi kukutana naye, ingawa wa kuchana kurasa tumewaona.

Msomaji atasema hayo yote ni anasa ya wenye filamu nyingi. Ni kweli. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, mwaka ule ule wa paka wa Halsman, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Majaribio yake aliyamaliza kabla: akimgeuza mteja bega, akimpangia vidole, akimpa saa ya kuvaa au redio ya kuegemea. Nasi studio za kwetu tunazikumbuka, bwana picha anakushika kidevu, anakwambia usipepese, halafu mara moja tu, basi. Ukipepesa, umepepesa maisha.

Na ile saa ya kuazima tunaifahamu vizuri, kwani sisi tuliazima gari.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1995, tukiwa wanafunzi kaskazini mwa Uingereza. Nyumbani walitaka picha. Mwenzetu mmoja alikuwa na kamera na filamu ya picha 36. Koti tulipewa na mwenzetu mwingine. Gari jekundu lilikuwa la jirani, limeegeshwa mbele ya nyumba. Tulipiga nusu ya filamu. Moja ikapendeza: mkono juu ya boneti, kichwa juu, theluji nyuma. Hiyo tukaituma kwa bahasha, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukumbini kwa mama. Hatukuandika kwamba gari ni letu. Wala hatukuandika kwamba si letu.

Miaka minne baadaye mdogo wetu aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba, akalipa nauli, akatufuata. Alipofika uwanja wa ndege aliuliza tumeegesha wapi. Tulikuja na basi. Hakutukasirikia, au hakuonyesha, lakini kile kiwanja leo kina nyumba ya ghorofa mbili ya mtu mwingine, na kila tukienda likizo tunapita mbele yake.

Mwaka jana tukipanga makaratasi tuliziona negativu zile. Katika ya tatu tumefumba macho. Katika ya saba koti linaonekana lilivyo refu, mikono imemezwa. Katika ya kumi na moja mlango umefunguliwa na mwenye gari anatoka, mama wa makamo aliyevaa ndara, amenyoosha kidole, na sisi tumeshaondoa mkono kwenye boneti. Tulizisafishisha zote, na hii ya kumi na moja tukaikuza sawasawa na ile ya ukumbini. Mdogo wetu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanyamaza, kisha akatuuliza kwa nini hatukutuma hii.