Slasha Ngaremara: Kisu Kikigonga Jiwe

Trekta yenye slasha, mashine ya kufyeka nyasi, ikipita kwenye nyasi za Kitale, kazi huonekana nyepesi. Dereva anashusha mikono ya nyuma, anaweka pitio (PTO, mhimili wa trekta unaozungusha mashine), anakwenda. Ipeleke mashine hiyo hiyo Ngaremara, kwenye barabara ya A2 inayotoka Isiolo kwenda Moyale, uone. Upande huu una mawe meusi ya volkeno yaliyotiririka enzi za kale kutoka milima ya Nyambene. Kati ya mawe kumeota kikwata na mgunga, na mvua za Machi hadi Mei zikinyesha vizuri, nyasi huinuka zikafunika jiwe na kisiki pamoja. Dereva haoni kitu mpaka asikie kishindo.

Baada ya kishindo huanza lawama: mashine ni ya bei rahisi, fundi ni mbovu, dereva ana haraka. Lakini katika ardhi ya namna hii slasha itagonga jiwe tu, hata ikiendeshwa na bingwa. La kuuliza ni hili: kisu kikigonga, nguvu iende wapi? Ukilishika swali hilo, kila kipimo katika kufunga na kurekebisha slasha kinaeleweka, kuanzia urefu wa shafti hadi namna ya kumlipa mwenye trekta.

Nguvu yenyewe ni kiasi gani

Tuchukue slasha ya futi 5, yaani mita 1.5, nyuma ya trekta ya farasi 60 au 75. Pitio huzunguka mara 540 kwa dakika. Gia boksi iliyo juu ya slasha hupokea mzunguko huo, huugeuza uelekee chini, na kuuongeza kasi. Ikiwa uwiano wake ni 1 kwa 1.5, visu vitazunguka mara 810 kwa dakika. Ncha ya kisu basi hupita karibu mita 64 kila sekunde, sawa na kilomita 229 kwa saa. Hakuna basi la Moyale linalokaribia mwendo huo. Jiwe dogo likipigwa kwa kasi hiyo huruka mbali mno, na ndiyo sababu slasha hufungwa minyororo mbele na nyuma, na ndiyo sababu wachungaji na mbuzi wao huondolewa kabla injini haijawashwa.

Kasi ndiyo inayokata. Kisu cha slasha si wembe. Hukata kwa pigo. Nguvu ya pigo hilo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo pitio ikishuka kutoka 540 hadi 400, kinachobaki ni kama asilimia 55 tu. Dereva anayepunguza moto ili “asiiumize mashine” huiumiza zaidi: kijiti ambacho kingekatika kwa pigo moja hupigwa mara mbili tatu, na kila mshtuko hurudi kwenye gia boksi. Injini ikae kwenye alama ya 540 iliyo kwenye mita ya mizunguko. Mwendo wa trekta upunguzwe kwa kubadilisha gia.

Shafti: kosa linalofanyika kabla ya kazi kuanza

Shafti ya pitio ina mabomba mawili yanayoingiliana. Slasha ikiinuliwa na kushushwa, umbali kati ya trekta na gia boksi hubadilika, na mabomba huingia na kutoka. Shafti iliyokuja na slasha imekatwa kwa trekta fulani ya kufikirika, wala si kwa yako. Ukiifunga hivyo hivyo na ikawa ndefu, siku utakapoinua slasha kuvuka mtaro mabomba yatafika mwisho, na msukumo utakwenda kwenye bearingi ya pitio ndani ya trekta. Hasara ya shafti imegeuka hasara ya trekta.

Kipimo chake si kigumu. Slasha ikiwa imefungwa kwenye mikono mitatu ya trekta bila shafti, iinue taratibu na utafute pale ambapo umbali ni mfupi kuliko pote. Zima injini, tega magogo chini ya slasha, kisha shika vipande viwili vya shafti sambamba na uweke alama ili pabaki nafasi ya sentimita 2 au 3 kabla ya kugota. Kata bomba la ndani na la nje kwa urefu ule ule, na plastiki ya kinga vivyo hivyo. Piga tupa kingo zote, pangusa vumbi la chuma, paka grisi. Kisha angalia upande wa pili: umbali ukiwa mrefu kuliko pote, mabomba yawe bado yameingiliana angalau theluthi moja. Yakipungua hapo, hiyo si shafti ya trekta hiyo.

Kinga ya plastiki ibaki mahali pake na mnyororo wake ufungwe ili isizunguke. Ngaremara watu huvaa shuka na leso. Nguo ikishikwa na shafti inayozunguka mara tisa kwa sekunde, hakuna muda wa kupiga kelele.

Kusawazisha kwa kisu, si kwa bati

Wengi husimama nyuma ya slasha, wakatazama bati la juu na kusema imekaa sawa. Bati huwa limepinda. Kinachokata ni kisu, basi kipimwe kisu. Egesha mahali tambarare, zima injini, toa ufunguo, tega magogo. Zungusha kisu kwa mkono hadi ncha ielekee mbele, pima kutoka ncha hadi ardhini. Kizungushe kielekee nyuma, pima tena. Mbele pawe chini kuliko nyuma kwa sentimita 2 hivi. Kwa mpangilio huo nyasi hukatwa mara moja mbele na kutoka nyuma bila kukokotwa tena. Kurekebisha mbele na nyuma hufanywa kwa top linki, yaani mkono wa juu wa katikati, na gurudumu la nyuma. Kushoto na kulia hufanywa kwa mkono wa kulia wa trekta, ule wenye skrubu ya kuuongeza na kuupunguza.

Urefu wa kukata ndio uamuzi unaotenganisha Kitale na Ngaremara. Kwenye uwanja wa mpira sentimita 5 zinatosha. Penye mawe na visiki, anza sentimita 15. Utaacha nyasi fupi zilizosimama, na hilo si hasara: zinashika udongo upepo wa Julai unapovuma, na ng'ombe wanazila.

Top linki isikazwe kana kwamba imechomelewa. Slasha nyingi zina tundu refu au kiungo cha kuchezacheza mahali top linki inapofungwa. Pini ikae katikati ya nafasi hiyo. Magurudumu ya trekta yakiingia bondeni, slasha iweze kufuata ardhi yenyewe bila kubinuliwa. Minyororo ya pembeni nayo iache slasha iyumbe sentimita chache tu, isije ikagusa tairi.

Hapa ndipo watu wenye trekta za Massey Ferguson hukosea kwa sababu ya urithi mzuri. Harry Ferguson, aliyeutia kwenye trekta mfumo wa mikono mitatu ambao dunia nzima inautumia leo, alikuwa anafikiria plau. Haidroliki yake huhisi mvuto wa plau ardhini na kuiinua plau kidogo udongo ukiwa mgumu. Ndiyo maana nyingi za trekta hizo zina levya mbili: moja ya mvuto, nyingine ya kimo. Slasha haivutwi udongoni. Levya ya mvuto ipandishwe juu kabisa, kazi ifanywe kwa levya ya kimo, la sivyo slasha itapanda na kushuka yenyewe.

Mahali palipoandaliwa kuvunjika

Sasa turudi kwenye jiwe. Kisu kimegonga. Mashine iliyofungwa sawasawa ina milango miwili au mitatu ya kuitolea nguvu hiyo.

Mlango wa kwanza ni kisu chenyewe. Visu vimefungwa kwa bolti nene kwenye sahani ya chini, lakini havikushikwa vikakakamaa. Vinaning'inia, na mzunguko ndio unaovinyoosha. Kikigonga jiwe, kisu hukunjika kurudi nyuma na kujinyoosha tena. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa, kisukume kwa gogo: kikigoma, bolti imeshika kutu au kamba ya nyasi imejisokota. Anayekichomelea kisu kwa sababu “kinalegea” ameufunga mlango huo. Visu vibadilishwe viwili pamoja, maana kimoja kipya na kimoja kilicholika huifanya slasha itetemeke hadi nati za gia boksi zilegee. Ukivinoa, noa upande wa juu uliokuja na makali, kwa pembe ile ile, na usivifanye kama wembe. Makali membamba hupasuka kwenye jiwe la kwanza.

Mlango wa pili ni bolti ya kukatika. Slasha nyingi hazina kinga nyingine kwenye shafti. Bolti hii imetengenezwa iwe dhaifu kuliko kila kitu kinachoizunguka. Ikikatika, watu hukimbilia bolti yoyote inayoingia tunduni, na mara nyingi anayopata mtu dukani imechongwa 8.8 au 10.9 kichwani. Nambari ikipanda, bolti ni ngumu zaidi. Ikiwa kitabu cha slasha kimetaja bolti laini, bolti ngumu haitakatika. Kitakachokatika ni jino la gia. Nunua bolti sahihi dazeni nzima ukiwa mjini Isiolo na uzifunge kwenye kikopo chini ya kiti.

Mlango wa tatu, kwa slasha zenye nao, ni klachi ya kuteleza. Ni sahani zilizobanwa kwa springi. Msimu wa kiangazi slasha inakaa nje, umande kidogo na kutu vinazishikanisha sahani, na klachi inakuwa kipande kimoja cha chuma bila mtu kujua. Dawa yake: legeza nati za springi kwa mizunguko inayolingana, chora mstari wa chaki ukipita juu ya sahani zote, weka pitio kwa sekunde mbili tatu, zima. Kila kitu kikisimama, tazama chaki. Mstari ukiwa umekatika vipande, sahani zimeteleza na klachi iko hai. Kaza nati hadi kipimo cha springi kilichoandikwa kitabuni. Mstari ukibaki mmoja, klachi imefungana, na kazi isianze.

Kongwa iliwahi kufundisha

Kudharau ardhi si jambo jipya. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulipita Afrika Mashariki kwa wiki tisa na kupendekeza mashamba makubwa ya karanga. Kazi ikaanzia Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947, kwa matingatinga na trekta, zikiwamo zilizoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Kichaka cha Kongwa kilikubali kuangushwa juu. Mizizi na udongo mgumu uliokauka kama saruji vikakataa chini, vikazila zana. Mpango ukafungwa 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mashine zilikuwa na nguvu tele. Ardhi ndiyo haikupimwa vya kutosha kabla hazijafika.

Kwa slasha, kuipima ardhi ni kuitembea. Watu wawili watangulie na chokaa au matawi, waweke alama kwenye mawe, vichuguu na visiki. Soma kibao cha slasha uone unene wa mti inaouweza. Nyingi za kawaida huishia sentimita 5. Kinachozidi hapo ni kazi ya msumeno, na mgunga mkubwa uachwe: maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa ukame, na ardhi ya jamii ina wenyewe wa kuulizwa. Kikwata kilichofyekwa kitachipua tena kwenye kisiki. Slasha hukirudisha chini, haikiui. Bila mbuzi kula machipukizi, mwakani utarudi kwa kazi ileile.

Mkataba nao ni kipimo

Mwendo unaofaa kwenye kichaka cha namna hii ni kilomita 4 kwa saa: mita 50 kwa sekunde 45. Kwa upana wa mita 1.5, hiyo ni ekari moja na nusu kwa saa kwenye karatasi. Ukitoa kugeuza, kupishanisha mistari na kukwepa mawe, ekari moja kwa saa ni kazi ya haki.

Ukimlipa mwenye trekta kwa ekari, umempa sababu ya kukimbia. Atakwenda kilomita 7, atashusha slasha chini ili ukaguzi upendeze, na bolti ya pili ikikatika atatia ngumu ili asisimame tena. Ukimlipa kwa saa bila kuangalia, atasinzia kivulini. Ninachopendekeza ni malipo ya saa yenye kiwango cha chini cha ekari kilichokubaliwa baada ya kulitembea shamba pamoja, bolti za kukatika zikiwa juu ya mwenye shamba. Zinagharimu kidogo sana ukilinganisha na gia boksi, na dereva ambaye bolti hazitoki mfukoni mwake hana haja ya kuzibadilisha kwa ngumu.