Rangi Tatu za Mizani

Anayepunguza uzito akateleza huambiwa ajitie moyo, ushauri unaomtaka atoe kitu pale pale kilipomwishia. Ushahidi unaelekeza kwingine: waliofaulu kurudi kwenye mstari mara nyingi walikuwa wameamua mapema kipimo gani kitahesabika kuwa kuteleza, na siku hiyo ikifika watafanya nini.

Tuanze na kuteleza kwenyewe. Mwaka 1975 C. Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio ambalo kwa nje lilikuwa la kuonja aiskrimu tu. Baadhi ya wasichana wa chuo walinyweshwa milksheki kwanza, wengine hawakupewa kitu. Wale ambao hawana desturi ya kujinyima walifanya kama ungetarajia: aliyekwisha kunywa alikula aiskrimu kidogo. Wenye kujinyima wakafanya kinyume, na waliokunywa milksheki wakala zaidi ya wenzao ambao hawakupewa kitu. Mwaka uliofuata Janet Polivy alionyesha kwamba kinachosukuma ni imani: mwenye kujinyima akidhani amekula kalori nyingi, hula zaidi, hata kama dhana hiyo si kweli. Kwa Kiswahili tunalo jina la hali hii tayari, liwalo na liwe. Hesabu haiungi mkono fikra hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, na hakuna sahani moja ya pilau, hata ya harusini, inayofika huko. Hasara huja na siku kumi zinazofuata, mtu akijiambia kwamba maji yameshamwagika.

Rena Wing na wenzake, huko Providence katika jimbo la Rhode Island, Marekani, walilichukulia jambo hili kama fundi anavyolichukulia bomba linalovuja. Jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2006, lilikusanya watu 314 waliokuwa wameshapunguza karibu sehemu moja ya tano ya uzito wao. Kundi moja lilipokea majarida tu kwa posta, la pili lilifundishwa kwa intaneti, la tatu lilikutana uso kwa uso. Makundi mawili ya mwisho yalipewa mfumo wa rangi. Ukiwa hujaongezeka zaidi ya kilo 1.4 juu ya uzito ulioanza nao, uko kijani, na unapata zawadi ndogo za rangi hiyo, kama chai ya kijani. Ukipita hapo uko manjano: kaa chini utafute kilichobadilika. Ukifika kilo 2.3 uko kwenye nyekundu, unaanza upya mpango wa kupunguza kwa vifaa ulivyokwisha kukabidhiwa. Jambo ninalolipenda katika muundo huu ni kwamba hakuna rangi inayoitwa kushindwa. Nyekundu ni agizo la kazi. Baada ya miezi 18, waliorudisha kilo 2.3 au zaidi walikuwa asilimia 72.4 katika kundi la majarida, 54.8 katika la intaneti na 45.7 katika la ana kwa ana.

Wapo watakaosema kupanda mizani kila siku ndiko kunakovunja moyo. Katika jaribio hili waliojipima kila siku ndio waliokuwa na hatari ndogo ya kurudisha uzito. Hilo halithibitishi kwamba mizani ndiyo iliyowaokoa, kwa kuwa anayenenepa naye huikimbia mizani. Lakini tarakimu huumiza zaidi pale isipokuwa na maelekezo. Chumvi na maji peke yake vinaweza kuusogeza uzito kwa kilo moja, na ndiyo maana kijani kiliachiwa upana. (Kwa mwenye historia ya ugonjwa wa ulaji, mizani ya kila siku si chombo chake, na hapo sina ubishi.)

Pingamizi zito zaidi ni la mwili wenyewe. Mwaka 2011 Priya Sumithran na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba mwaka mzima baada ya kupungua, homoni za njaa bado hazijarudi zilipokuwa. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake waliripoti kuhusu washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha The Biggest Loser: miaka sita baadaye, miili yao ikiwa imepumzika ilitumia kalori takriban 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Ni kweli, na inamwondolea aliyeteleza tuhuma ya uvivu. Ila kama njaa haipumziki, kugundua mapema ni nafuu zaidi: kilo mbili zinashughulikika, kumi na tano zinatisha.

Kuna tarakimu moja inayoisumbua hoja yangu. Kwa wastani, kundi la intaneti lilirudisha kilo 4.7 na la majarida 4.9, tofauti isiyo na maana yoyote, ilhali la ana kwa ana lilirudisha 2.5. Rangi zilikuwa zile zile, masomo yale yale. Kanuni iliyowekwa mapema inapunguza idadi ya wanaoporomoka, lakini mtu akishaingia kwenye nyekundu, inaelekea kuna tofauti kati ya kuiandika namba kwenye skrini na kuitaja mbele ya watu waliokaa kwenye viti, nao katika mkutano uliopita walitaja zao.