Lipu Inayokubali Kuliwa

Ukitaka kumjua fundi wa nyumba za mawe, usimuulize habari za milango. Kila mtu Unguja ana la kusema juu ya milango. Muulize chokaa yake aliizima lini. Akikujibu kuwa ni leo asubuhi, mshukuru, kisha katafute mwingine.

Nyumba za Mji Mkongwe, na za Lamu kadhalika, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko. Chokaa nayo ni matumbawe yaleyale. Mawe hupangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka hewa iliyofungika ndani yake ikatoka. Yanayobaki ni mepesi na makali, ya kuunguza mkono. Yakipata maji hufoka mvuke na kupasuka, yakawa unga au uji mweupe. Wajuzi waliuacha uji huo shimoni kwa miezi, kwani punje isiyozimika sawasawa huja kufumka ukutani baadaye na kung'oa lipu iliyo juu yake. Ikishapakwa, chokaa huanza kuivuta tena hewa ileile iliyofukuzwa na moto, na taratibu, taratibu sana, hurudi kuwa jiwe.

Hapo ndipo saruji ilipoishinda. Saruji hukauka upesi, tena huwa ngumu, na sisi tumezoea kudhani kuwa kigumu ndicho bora. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa maji: huyavuta kutoka chini, huyapokea ya mvua, na pamoja nayo huingia chumvi. Chini ya chokaa, maji hayo huja juu yakakauka kwa upepo. Chini ya saruji hukosa njia. Hupanda ndani ya ukuta, chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu, na siku moja kipande kizima kikabanduka na uso wa jiwe ukiwa umegandia mgongoni mwake. Baya zaidi halionekani: unyevu huufikia mwisho wa boriti, pale ulipochomekwa ukutani, ukauozesha kimyakimya. Mwenye nyumba hutazama juu akaona mti mzima, kumbe kichwa chake kimeshakuwa unga.

Kwa hiyo sifa ya chokaa ni unyonge wake. Mvua huila, chumvi huila, na wakati zinashughulika nayo, jiwe linasalimika. Ni kama ndara, huvaliwa ili iishe yenyewe, si mguu. Nimekuja kuamini kwamba ufundi wote wa kutengeneza nyumba za kale umo humo: kiraka kiwe laini kuliko kile kinacholindwa nacho, na fundi akubali kuwa kazi yake ndiyo itakayokwenda kwanza. Si jambo dogo kumtaka mtu mwenye mikono mizuri akubali hilo.

Nenda Lamu utazame zidaka, zile safu za vijishubaka vya lipu iliyochongwa katika vyumba vya ndani vya nyumba za karne ya 18. Ukivitazama harakaharaka vinalingana. Ukivitazama vizuri, hakuna viwili vilivyo sawa: tao moja limeinama kidogo, ua moja lina petali nono kuliko jirani yake, kwa sababu vilikatwa kwa mkono lipu ikiwa bado mbichi, na mkono huchoka. Sasa tao limevunjika na fundi ameitwa. Anaweza kulitengeneza vizuri kuliko la mwanzo. Ana timazi, ana pima maji, ana rula. Akilinyoosha, ameliharibu. Kazi yake ni kusoma mwinamo wa mwenzake aliyekufa zamani na kuufuata, kosa kwa kosa, bila kuufanyia mzaha. Wapo wanaoweza. Wengi hawawezi, na wala si kwa kukosa ujuzi. Kinachowashinda ni kuona aibu kwamba mpita njia atadhani kosa ni lao.

Boriti nayo ina sheria zake. Urefu wa mti wa mkoko ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Anayezing'oa boriti ili amwage zege apate ukumbi mpana huongeza uzito ambao kuta zile hazikuahidi kuubeba.

Na milango, basi, maana nikiinyamazia nitalaumiwa. Waongoza watalii husema njumu za shaba ziliwekwa kuzuia tembo. Tembo gani atageuka katika vichochoro vya Shangani, humo Mji Mkongwe? Mtindo ule ulivuka bahari kutoka India ukageuka kuwa urembo, na hauhitaji tembo. Fundi anayestahili mlango wa namna hiyo huanza kwa kubandua rangi, tabaka baada ya tabaka, mpaka kwenye mti. Akikuta mwimo umeoza chini, hukata palipooza tu, akaunga kwa mti wa jamii ileile, nyuzi zikielekea upande uleule. Kuna milango mingi mipya ya hoteli iliyochongwa vizuri kabisa, nami siichukii. Ninaowachukia ni wanaonunua mlango wa kale, wakaiacha nyumba imefungwa kwa mabati.

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu 2001. Orodha haizibi ufa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ikifanyiwa matengenezo, na watu wakafa. Upande wa pili kuna Zahanati ya Kale karibu na bandari, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887 na kurejeshewa hadhi yake katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Watu husifu roshani zake za mbao. Mimi nasifu zaidi kwamba palihitajika mikono ya kuzitengeneza, na mikono hiyo ikajifunza.

Kwani chokaa haitengenezwi mara moja ikasahaulika. Saruji humwahidi mwenye nyumba kuwa hatamwona tena fundi. Chokaa humwambia tuonane baada ya masika. Hata siku ya kukabidhi kazi, fundi wa chokaa huacha maagizo: ukuta urashiwe maji asubuhi na jioni, usipigwe na jua kali, usikauke kwa pupa. Wenye nyumba wengi hununa. Wamekwisha kulipa, na bado wamepewa ndoo.