Mtegemea cha Nduguye

Abiria wa basi la Mbeya hulitambua daraja, kwa kuwa lina kingo na kibao chenye jina la mto. Kalavati halina jina. Malori ya shaba yanayoshuka kutoka Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam hulipita usiku na mchana, na dereva hata hajui kwamba chini yake kuna boksi la zege na maji yanapita. Likijulikana lilipo, ujue limeshaharibika. Ndiyo maana anayelisanifu hasifiwi, nami leo nataka kumsifu.

Namfahamu mhandisi mmoja mstaafu ambaye vijana humwita Mzee tu. Bado huitwa kukagua mahesabu ya makalavati. Kompyuta anaijua vizuri, lakini haigusi kwanza. Huchukua karatasi iliyokwisha kutumika upande mmoja, akachora boksi, akaweka tairi juu yake, kisha kwa penseli akafuatisha jinsi zege litakavyopinda. Katikati ya slabu ya juu, mvutano uko upande wa chini, kwa hiyo nondo zikae chini. Ukikaribia kona, mstari unavuka kwenda upande wa nje, na nondo nazo ziufuate. Hapo hajaandika tarakimu hata moja. Ndipo husema, "Haya, fungua programu." Kioo kikionyesha umbo tofauti na la penseli, haendelei mpaka ajue kwa nini.

Rika lake lilifundishwa njia ya kukokotoa momenti, yaani nguvu za kupinda, ambayo Hardy Cross, wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliichapisha mwaka 1930. Unafunga kona zote, unaziachia moja baada ya nyingine, unagawa momenti mpaka zitulie. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Lakini mkono uliorudia kazi hiyo ulijua mzigo unavyotoka kwenye paa kwenda ukutani, na kutoka ukutani kwenda sakafuni. Leo programu inasogeza lori hatua kwa hatua juu ya boksi na kumaliza yote kwa sekunde chache. Hakuna anayetamani kurudi kule. Kilichopotea ni ule mwendo wa polepole ambao ndani yake shaka hupata nafasi ya kuzaliwa.

Siku moja kijana alimletea kalavati la vipande vinavyomwagwa kiwandani, upana wa mita tatu.

"Shikamoo Mzee. Nimeliwekea lori la tani 56, kikomo cha Afrika Mashariki."

"Marahaba, mwanangu. Hizo tani 56 zinaenea zote juu ya mita tatu?"

Kijana akanyamaza. Lori refu hulipanda boksi dogo kwa mafungu: ekseli tatu za nyuma zikiwa juu, kichwa kimeshakwenda mbali. Kinacholiumiza boksi ni ekseli na nafasi kati yake. Kikomo cha fungu la ekseli tatu ni tani 24, na cha ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10. Uzito wa lori zima ni habari ya mizani zaidi kuliko ya kalavati.

Kisha likaja swali ambalo ndilo lililonifanya niandike: "Udongo wa pembeni umeuhesabu vipi?" Kijana alikuwa ameuweka wote, akidhani huo ndio uangalifu. Kumbe udongo ukisukuma kuta kuelekea ndani, kona huzunguka kidogo na kuinua slabu ya juu katikati, mahali hasa tairi linapoikandamiza. Kadiri unavyouongeza, ndivyo slabu inavyoonekana kuwa salama. Kanuni za AASHTO za Marekani zinaruhusu msukumo huo ukatwe nusu pale unapopunguza madhara ya mizigo mingine. Udongo huo unaweza kushindiliwa vibaya, kuchimbwa na watu wa mabomba, au kuondoka na mafuriko. Wahenga walishasema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tangu hapo nikaelewa kwamba ufundi wa Mzee wote umo katika kukataa misaada isiyo na uhakika. Kipande cha jirani kitasaidia? Hapana: kama kifusi juu ni chembamba na vipande havikufungwa pamoja, tairi likisimama kwenye ukingo wa kipande kimoja, hicho kitabeba peke yake. Kifusi chenyewe je? Kikiwa kinene hutawanya mzigo wa tairi kabla haujafika kwenye zege, na mtikisiko hupungua kadiri kina kinavyoongezeka. Lakini kwenye barabara ya changarawe, greda hukwangua kila baada ya masika, na kina kilichochorwa sicho kitakachobaki. Na kabla ya yote hayo, kipande kitanyanyuliwa na kreni kingali zege changa, na kurushwarushwa juu ya lori hadi eneo la kazi.

Programu ina mahali pa kujibu maswali haya yote. Haina uwezo wa kuyauliza kwa niaba ya mtu asiyejali. Siku hizi ripoti ni nene, zina michoro ya rangi, na kila ukurasa unamalizikia na neno "inatosha". Lori lililomo ni lile lililokuja na programu. Simlaumu kijana peke yake. Mteja anataka michoro Jumatatu, zabuni imekwenda kwa bei ya chini, na aliyepaswa kukaa naye mezani alifikisha umri wa kustaafu akaagwa kwa soda na picha ya pamoja, bila mtu kumuuliza anachokijua.

Barabara ikititia tutasema ni mvua, au malori yaliyozidisha uzito. Huenda ikawa kweli. Lakini mvua na malori vilikuwepo kabla mchoro haujachorwa.