Mzigo, Meno na Hewa: Jinsi Pikipiki za Kombewa Zilivyopanda Suam

Kutoka Kombewa, katika nchi ya Seme, hadi Suam, penye mpaka wa Kenya na Uganda ubavuni mwa Mlima Elgon, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na katika mwendo huo msafiri huondoka jirani na ziwa ambalo uso wake uko kama mita 1,134 juu ya bahari, akafika mahali palipozidi mita 2,000. Atazamaye tarakimu hizo juu juu husema kwamba kilima hicho si kitu. Na mwingine, akiwaona vijana wakifunga vifurushi nyuma ya Boxer za 150, zile zile zibebazo abiria na magunia kila siku, husema kwamba mlima ni mkubwa mno kwao. Kauli zote mbili zimetolewa bila kipimo. Mimi na masahibu zangu tulikwenda tukarejea salama, na kwa kuwa wengi wameniuliza ni dawa gani tuliyotia katika injini, naona ni wajibu wangu kueleza kwa tafsili hesabu tuliyoifanya kabla ya kuondoka, maana safari ile iliamuliwa katika karakana ya Kombewa.

Naanza na mzigo, kwa sababu katika hesabu yetu hapakuwa na jambo lililouzidi. Pikipiki ya namna hii, pamoja na petroli yake, ina kilo 120 hivi, mpandaji wa kimo cha kawaida ana kilo 70, jumla 190. Akiongezwa abiria mwenye uzito kama huo jumla huwa 260, yaani nyongeza ya zaidi ya theluthi, na mlimani kila kilo hudai haki yake kamili, kwa maana injini haishindani tena na upepo na msuguano peke yake, bali inauinua mzigo wenyewe kutoka chini kwenda juu. Mmoja wetu, ambaye pikipiki yake ilikuwa imefunguliwa kwa fundi, alitaka kupakiwa na mwenzake. Tulimwomba kwa upole aazime ya binamu yake, naye akakubali, na jambo hilo moja, lisilogharimu hata shilingi, lilituokolea nguvu nyingi kuliko chombo chochote ambacho tungaliweza kukinunua.

Baada ya mzigo huja meno. Spoketi ya mbele, iliyo ndogo, ndiyo inayoamua injini izunguke mara ngapi ili tairi la nyuma lizunguke mara moja. Tukitoa ya meno 14 tukatia ya meno 13, msukumo unaofika katika tairi huongezeka kwa asilimia 8 hivi, ilhali kasi, kwa mzunguko ule ule wa injini, hupungua kwa asilimia 7. Kazi hii haihitaji cheni mpya, ila kulivuta tairi la nyuma kidogo ili cheni isilegee. Waendeshaji wetu wa njia ya Bondo, iliyo nyoofu na laini, hawaipendi spoketi ndogo kwa kuwa huwanyima mbio. Lakini anayekwenda mlimani na kuzitamani mbio hizo hizo hulazimika kurudi gia ya chini kila mara na kuichosha klachi, na mwisho wa safari huwa hakuwahi hata dakika.

Sasa hewa, ambayo ndiyo watu huiogopa kuliko vyote, nayo kwa kipimo ilikuwa ya tatu. Kati ya ziwa na Suam uzito wa hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, na nguvu ya injini hupungua kwa kadiri iyo hiyo. Msomaji ataona mara moja kwamba jino moja lililoondolewa katika spoketi hulipa sehemu kubwa ya deni hilo. Linalobaki ni mchanganyiko. Petroli itokayo katika kabureta hupungua pia mtu apandapo, lakini hupungua polepole kuliko hewa, na kwa hiyo mchanganyiko hunenepa, plagi ikafunga masizi meusi na injini ikanguruma bila kuvuta. Katika kimo chetu unene huo haukuzidi asilimia 5 hivi.

Fundi wetu, mtu mzima mwenye mkono mwepesi na sifa njema, alitaka kutusaidia kwa njia aijuayo. "Niwatoboe jeti kidogo, wanangu, ipate kunywa vizuri?"

"La, mzee," alijibu sahibu yangu, "huko juu hewa ni haba, tukiinywesha zaidi itapaliwa."

Mzee alifikiri, akauweka kando waya wake, kisha akafungua kabureta na kutoa sindano. Sindano hiyo ina mifuo kadhaa kichwani. Klipu ikipandishwa mfuo mmoja, sindano hushuka na petroli hupungua katika mwendo wa kati wa mkono wa resi, ambao ndio mwendo wa safari. Tuliridhika na hayo, pamoja na kusafisha chujio la hewa, kwani chujio lililojaa vumbi huunenepesha mchanganyiko pasipo mlima wowote. Lau tungalikuwa tunatoka Karachi, kando ya bahari, kwenda mpaka wa Pakistan na China katika kivuko cha Khunjerab, mita 4,693, ambako hewa imepungua kwa zaidi ya theluthi na mchanganyiko umenenepa kwa zaidi ya robo, kubadili jeti kungalikuwa faradhi. Kwetu sisi kusogeza klipu kulikuwa sunna, nayo tuliitimiza.

Njiani, tukipita Kisian, Maseno penye mstari wa ikweta, Luanda, Majengo, Kakamega, Webuye na Kitale, kanuni yetu ilikuwa kwamba pikipiki dhaifu ndiyo itangulie, maana ikiachwa nyuma mwenyewe huilazimisha hadi ikapata moto kupita kiasi. Kati ya Kakamega na Webuye, penye matrekta ya miwa, tulikwenda kwa kuachana sana, na hapo ndipo hadhari ilipotakiwa kuliko mlimani. Kutoka Kitale mlima wenyewe hauna mwinamo wa kutisha. Ukiisha kupita Endebess maji hugawanyika: mito ya upande huu huuendea Nzoia na kurudi katika ziwa letu, na Mto Suam, ulio mpaka, hushuka kaskazini ukawa Turkwel na kuingia Ziwa Turkana. Barabara hii ni ya mradi ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2017, kilomita 45 za Kitale hadi Suam na 73 za Suam hadi Kapchorwa, nao umeigeuza njia iliyokuwa tope na mawe.

Mpakani mtu ni mwepesi kuliko chombo. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya huingia Uganda kwa kitambulisho chake. Pikipiki hutakiwa hati ya umiliki, idhini ya muda ya forodha, na bima inayotambulika ng'ambo, ambayo kwetu ni Kadi ya Njano ya COMESA. Aliyeazima alihitaji barua ya binamu yake, nayo alikuwa nayo; wale ambao pikipiki zao zingali za mkopo, na hati imo mikononi mwa mkopeshaji, waliziacha upande wa Kenya wakavuka kwa miguu. Namshauri yeyote aitengeneze barua hiyo kabla ya kuitengeneza kabureta.

Kushuka ndiko kunakodai elimu zaidi, kwa sababu breki za ngoma zikishikwa mfululizo hupata joto na kulegea. Tulishuka kwa gia ile ile ambayo tungaliipandia, resi imefungwa, injini ikizuia, na breki tukizigusa kwa vipindi vifupi kabla ya kona. Tulipofika Kombewa tuliirudisha klipu mahali pake usiku ule ule, kwani mchanganyiko mwembamba katika joto la ziwani huunguza vali. Spoketi ya meno 13 tuliirudishia ya 14 katika pikipiki zote isipokuwa moja, ya sahibu yetu apelekaye mchanga na saruji vilimani, ambaye aliijaribu kwa mzigo wake wa kawaida akasema ibaki.